Djugu: Kamera zisitundikwe kambini kabla vijana wa Bunia hawajazijaribu mezani

BUNIA – Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa 2 mwaka 2022, wanamgambo wa CODECO waliingia katika kambi ya wahami ya Plaine Savo, wilaya ya Djugu, wakaua watu zaidi ya 60 kwa panga na risasi. Kofia za bluu wa MONUSCO walikuwa na kituo Bule, kilomita chache tu kutoka hapo. Tarehe 12 mwezi wa 6 mwaka 2023 ikawa zamu ya kambi ya Lala, upande uleule wa Bule: watu zaidi ya 40, na ndani yao watoto wengi. Na kabla ya hayo yote, mwezi wa 11 mwaka 2021, Drodro na Tché zilishambuliwa, makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Rhoe kujibanza kando ya kituo cha kofia za bluu.

Majina hayo yakitajwa, iwe redioni au kwenye foleni ya bomba la maji, hakosi mtu wa kusema: laiti kungekuwa na kamera. Neno hilo linatoka kwenye uchungu, na aliyezika hapaswi kuchekwa. Lakini likitoka kwa mtu aliyekuja na mradi mkononi, lazima lichunguzwe mara mbili, kwa sababu kamera inayoletwa vibaya Djugu inaweza kumsaidia yuleyule anayekuja usiku.

Jambo la kwanza: macho si kitu kilichokosekana Djugu. MONUSCO ilijenga mitandao ya tahadhari ya vijiji, watu wa kujulisha wakapewa simu, namba zikagawanywa. Tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 2013 ilirusha Goma ndege zisizo na rubani, aina ya Falco kutoka Italia, na ikawa mara ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa kutumia ndege za namna hiyo kuchungulia waasi. Tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 utawala wa kijeshi ukaanza Ituri na Kivu ya Kaskazini, nao una macho yake na masikio yake. Plaine Savo na Lala zilikuja baada ya hayo yote. Anayeuza kamera kama dawa aeleze kwanza ni nani atakayeondoka kitandani ikilia, ana gari au hana, na barabara ya Bule wakati wa mvua ataipita na nini. Asipoeleza, anauza sinema.

Hata hivyo kuna wanaojibu kwamba dakika kumi za tahadhari ni dakika kumi, na mama mwenye watoto wanne anajua thamani yake. Hilo ni kweli. Mlango wa kambi ukiangaliwa, njia ya bondeni ikiangaliwa, kengele ikilia kwa walinzi wa zamu kabla panga hazijafika kwenye hema la kwanza, watu watapona. Basi ubishi unahamia kwingine: kamera ya nani, programu ya nani, picha zinalala wapi.

Uganda jirani ni mfano mzuri wa njia moja. Mwaka 2019 polisi ya huko ilithibitisha mkataba na kampuni ya Huawei wa kamera za barabarani wenye thamani ya dola milioni 126. Mashine zinakuja zimefungwa, programu ndani yake imefungwa, na mwananchi anayepita chini yake hana njia ya kujua inafanya nini na sura yake. Wengine wanauza kwa namna ndogo zaidi: kamera ya dukani, unaifungua kwa simu, picha zinakwenda kulala kwenye mashine za kampuni nchi ya mbali. Ni rahisi sana. Mwezi wa 3 mwaka 2021 wadukuzi waliingia katika kampuni ya Marekani iitwayo Verkada, wakaona picha za moja kwa moja za kamera karibu 150,000, zikiwemo za hospitali na za magereza, kwa nywila moja ya mkubwa iliyovuja. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilikuwa kimeshateka kamera na vifaa vingine kwa maelfu duniani kote kwa sababu tu wenyewe hawakubadilisha nywila iliyotoka nayo kiwandani. Hapa Bunia, ni duka gani linalomwambia mteja abadilishe nywila?

Msikilizaji wa Bunia mwenye umri wa kutosha hahitaji mifano ya Marekani. Anakumbuka mwaka 2003, watu walipokuwa wakisimamishwa barabarani na kuulizwa jina, lugha, kijiji cha baba. Kujulikana kulitosha kumuua mtu. Sasa fikiria kamera iliyotazama lango la kambi ya Djugu kwa mwezi mzima. Inajua akina mama wanaokwenda kutafuta kuni saa kumi na moja asubuhi, na njia wanayopita. Inajua mzee fulani anarudi shambani kwake siku gani. Inajua walinzi wa zamu wanalala saa ngapi. Kwa jeshi ni habari, kwa shirika la msaada ni ripoti, kwa mwanamgambo ni ramani ya kazi. Na picha hizo hazichagui mikono: zinakwenda kwa yeyote mwenye nywila.

Wapo watakaosema mashirika makubwa yanalinda vizuri. Mwaka 2021 Human Rights Watch ilionyesha kwamba taarifa za wakimbizi wa Rohingya zilizokusanywa Bangladesh na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi zilifika mikononi mwa serikali ya Myanmar, ileile waliyoikimbia. Wengi wao walitoa alama za vidole wakidhani wanachukua kadi ya msaada. Hapo hakukuwa na mdukuzi hata mmoja.

Kwa hiyo hoja ni hii, na isemwe bila kuzunguka: kamera yoyote isitundikwe juu ya kambi ya wahami Djugu ikiwa programu yake haifunguki na kusomeka, na ikiwa vijana wa hapa hawajaiweka kwanza kwenye kompyuta zao, wakaiwasha, wakaidanganya, wakaivunja na kuitengeneza tena.

Programu za namna hiyo zipo, na hazilipiwi. ZoneMinder ni ya zamani zaidi. Mwingereza Philip Coombes aliianza mapema miaka ya 2000 baada ya kuibiwa vitu gerejini kwake. Frigate, iliyoanzishwa na Blake Blackshear wa Marekani, ni ya karibuni zaidi, nayo inatambua vitu ndani ya picha: huyu mtu, hii gari, huyu mbwa. Zote mbili ni programu huria. Maandiko yanayoiamuru mashine yako wazi, mtu anayachukua, anayasoma, anayabadilisha. Na zote zinafanya kazi kwenye kompyuta iliyo chumbani, bila kumpelekea mtu wa mbali picha.

Kijana anayetaka kuanza hahitaji kamera hata moja, na hilo wengi hawalijui. Kompyuta ya mkononi iliyokwisha tumika, yenye Linux na kumbukumbu ya gigabaiti 8, inatosha kujifunzia. Anaweka Docker, ambayo ni kama sanduku linalobeba programu pamoja na vyombo vyake vyote ili isigombane na vitu vingine vya kompyuta. Anachukua msimbo wa Frigate kwa Git, anaufungua katika VS Code, na mradi wenyewe umeshaandaa sanduku la mafundi ambalo linajijenga lenyewe. Sehemu ya nyuma imeandikwa kwa Python. Ukurasa unaoonekana kwa macho unaendeshwa peke yake, ili fundi abadilishe rangi au lugha na kuona matokeo papo hapo. Na pale panapopaswa kuandikwa anwani ya kamera, anaandika jina la faili ya video iliyopigwa kwa simu, na kuiamuru irudierudie bila kuisha. Programu inadhani inatazama kamera. Hiyo ndiyo karakana. Mtu anajaribu mchana kutwa bila kumpiga picha mhami hata mmoja, na ndivyo inavyotakiwa.

Shida ya kwanza ni mega. Sanduku hilo ni gigabaiti kadhaa, na kila anayejaribu kulishusha kwa simu Bunia anajua salio linavyoyeyuka, kisha mtandao unakatika karibu na mwisho na kazi inaanza upya. Dawa yake ni ya kienyeji kabisa: mmoja anashusha mara moja mahali penye mtandao mzuri, anaihifadhi kama faili kwa amri ya docker save, na faili inatembea kwa ufunguo wa USB kutoka mkono hadi mkono. Nyimbo na filamu zimezunguka mji huu kwa njia hiyo miaka mingi. Hakuna sababu programu ishindwe.

Baada ya hapo kazi yenyewe inaanza, na ndipo siri za mashine zinapotoka. Mfumo wa kawaida unaokuja na Frigate ulifundishwa kwa mkusanyiko wa picha uitwao COCO, uliotangazwa na watafiti wa Microsoft na wenzao mwaka 2014. Mkusanyiko huo una aina 80 za vitu. Ndani yake kuna piza. Kuna ubao wa kuteleza kwenye theluji, kuna mashine ya kuchoma mkate, kuna twiga na pundamilia. Ng'ombe yumo, kondoo yumo. Mbuzi hayumo. Jembe halimo. Kisu kimo, lakini ni kisu cha mezani na cha jikoni. Panga haina jina lake.

Hapo acheni kucheka kidogo. Djugu ni nchi ya mashamba na mifugo. Jioni watu wanarudi na jembe begani, mzigo wa kuni kichwani, mbuzi mbele yao. Mashine iliyosoma piza itamwitaje mama aliyebeba kuni? Mtu, pengine, kwa uhakika wa asilimia fulani. Au haitamwona kabisa kwa sababu mzigo umeficha umbo lake. Mbuzi aliyesimama kwenye ukungu wa saa kumi na mbili inaweza kumwita mbwa, au kondoo, au ikamwita mtu na kuamsha kambi nzima. Kengele ikilia mara tatu kwa sababu ya mbuzi, mara ya nne hakuna atakayeamka. Fundi aliyeko Ulaya hatafikiria mbuzi. Kijana wa Bunia atafikiria, kwa sababu wa jirani yao alikula mahindi yake jana.

Basi anampiga rafiki yake video kwenye uwanja wa nyumbani, kwa ruhusa yake, akiwa na jembe, bila jembe, akiinama, akitambaa, mchana, magharibi, kwenye mvua. Anaipa programu. Anaona kwamba bila kuambiwa vingine Frigate inafuatilia watu tu, na inasubiri uhakika wa wastani wa asilimia 70 kabla ya kukubali kwamba ni mtu kweli. Anateremsha kiwango, mbuzi wanageuka watu. Anakipandisha, rafiki anayetambaa anapotea. Ni katika kupanda na kushuka huko ndipo maisha ya watu yanapoamuliwa, na leo hii, mahali pengi, anayeamua ni mtu ambaye hajawahi kuona magharibi ya Djugu.

Kuna jaribio jingine ambalo lingepaswa kufanywa hadharani, mbele ya kamati ya kambi. Chomoa intaneti. Programu ikiendelea kufanya kazi, picha hazitegemei mtu wa mbali. Kisha rudisha intaneti na utazame kompyuta inaongea na nani. Frigate, kwa mfano, itauliza kwenye GitHub kama kuna toleo jipya. Hata hilo linazimwa kwa mstari mmoja. Toleo la 0.16 la mwaka 2025 limeongeza uwezo wa kutambua sura za watu. Umezimwa mpaka mtu auwashe, na mstari wa kuuwasha unaonekana kwenye faili ya mipangilio, kijana wa mwaka wa kwanza anaweza kuuonyesha kidole. Kwenye sanduku lililofungwa muuzaji anasema: tumezima. Asante, lakini wahami wa Djugu wameshaambiwa mambo mengi na watu wenye kofia nzuri.

Sasa wale wa upande mwingine, wanaosema wahami wanataka unga na mabashi, si kompyuta. Wana haki kwa nusu. Pesa ya unga isichukuliwe hata faranga moja kununua kamera; yeyote anayependekeza hivyo afukuzwe kikao. Lakini wanaposema hivyo kana kwamba vijana wa kambini hawana kichwa cha mambo haya, hapo wanadharau. Kambi ya ISP hapa Bunia imepewa jina la chuo kilichoko palepale. Mji una UNIBU, una Chuo Kikuu cha Shalom, una wanafunzi wa informatiki wanaomaliza miaka yao wakiandika kazi za mwisho juu ya mambo ambayo hayatawahi kuwashwa. Mmoja wao akiandika juu ya kumfundisha mashine mbuzi na jembe, ataacha kitu.

Mahesabu ya umeme na nafasi nayo yafanywe hapa, kwa sababu karatasi za miradi huyaruka. Kamera moja inayotuma megabiti 2 kwa sekunde inajaza karibu gigabaiti 21 na nusu kwa siku. Kwa juma ni 150. Kamera mbili na kompyuta ndogo zinakula wati 25 hivi, usiku na mchana, yaani wati-saa 600 kwa siku. Hiyo inataka paneli za jua za wati 200 na betri ya volti 12 isiyopungua ampea-saa 100 kama hawataki kuiua mwaka wa kwanza. Je, betri hiyo itabaki kwenye kamera, au itachaji simu za wakubwa? Kila mtu aliyewahi kuishi kambini anajua jibu. Hilo nalo ni sehemu ya programu, ingawa halimo kwenye msimbo.

Lipo jambo moja ambalo watetezi wa kamera hawalitaji, na ndilo lingewapa nguvu zaidi. Tarehe 12 mwezi wa 2 mwaka 2003, Thomas Lubanga alitembelea kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia, na mtu akapiga video. Miaka 9 baadaye, tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 2012, mahakama ya kimataifa ya The Hague ilimtia hatiani kwa kutumia watoto vitani, hukumu ya kwanza katika historia yake. Katika kesi ile majaji walikataa ushahidi wa karibu vijana wote walioletwa kama askari watoto, kwa sababu ya mashaka juu ya watu wa kati waliowatafuta. Video ya Rwampara ilibaki. Watoto walionekana ndani yake, na haikuhitaji mtaalamu kusema ni watoto.

Kwa hiyo picha ya Ituri inaweza kufika mbali, mradi ijulikane nani aliichukua, lini, na kwamba haikuguswa. Saa ya kompyuta iliyokosea kwa siku mbili inaharibu ushahidi. Faili iliyohamishwa kwa USB bila kuandikwa popote inaharibu ushahidi. Haya hayajifunzwi siku ya msiba. Yanajifunzwa kwenye karakana, kwa video ya rafiki na jembe lake, mpaka mikono izoee kuandika saa, kuhesabu alama ya faili, kuweka nakala mahali pawili.

Kongo ina sheria ya kidijitali tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, na inalinda taarifa za mtu binafsi. Kambi za Djugu zimo ndani ya Kongo. Siku mradi utakapofika na mabango yake, rais wa kambi asimame, na mama mmoja wa kambini asimame naye, waulize: msimbo uko wapi, nani hapa Bunia ameuendesha, kutambua sura kumezimwa kwenye mstari gani, picha zinafutwa baada ya siku ngapi, jeshi likizitaka nani anasema hapana, na kengele ikilia saa nane usiku ni simu ya nani inayoita. Mwishoni waulize nywila iko kwa nani. Ikiwa iko kwa mtu aliye Kinshasa au Ulaya, na hakuna mwingine, kamera zirudi kwenye katoni zake, na gari lililozileta lisaidie kubeba wagonjwa hadi Drodro kabla ya kuondoka.